Sikio la Kutundikia Miwani

Kila mwaka nikifika kwenye methali na wanafunzi wa kidato cha pili, kuna moja ninayoiruka. Imo kwenye orodha pamoja na nyingine ninazozifundisha kwa raha zangu, na kila mara hutokea mwanafunzi mmoja mwenye kimbelembele akauliza, "Mwalimu, na hii je?" Humjibu kwamba muda umekwisha. Muda haujaisha. Nimefundisha Kiswahili hapa Tabora zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukosa muda wa methali moja. Ninachokosa ni subira. Methali yenyewe ni "Sikio la kufa halisikii dawa." Mtu aliyeniandikia methali hiyo kwa wino mwekundu, chini kabisa ya ripoti yangu ya shule, alifariki mwezi uliopita.

Mwanawe alinipigia simu nikiwa nasahihisha madaftari. Alijitambulisha kuwa ni Elias, mtoto wa Mwalimu Maziku, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Mzee ametutoka, mwalimu. Tunamzika keshokutwa nyumbani Choma. Familia tumekaa, tukaona wewe ndiye utusomee wasifu wa marehemu. Wewe unasoma vizuri, halafu mzee alikuwa anakutaja sana." Nilimpa pole, nikasema nitakuja, kwa sababu msiba haukataliwi. Nilipokata simu nikajikuta nimelishika sikio langu la kulia, lile ambalo sikuzaliwa nalo. Alikuwa ananitaja sana! Niliyarudia maneno hayo peke yangu jikoni, nikayarudia nikinawa mikono, mpaka mke wangu akaniuliza nagombana na nani. Nilimwambia nagombana na marehemu.

Mimi ni mtu mwenye ualbino. Hivyo ndivyo tunavyoitwa siku hizi, baada ya semina nyingi. Zamani tuliitwa zeruzeru, na jua lilituunguza kwa majina yote mawili. Najua msomaji akiona ualbino na Tabora katika ukurasa mmoja anasubiri mapanga. Mapanga yalikuja kuwepo, na niliyaogopa kama wenzangu wote, lakini siyaandiki hapa. Mimi nilichokatwa nilikatwa na daktari, kwa sababu ya jua, na jua lile sikulifuata mwenyewe. Nilisimamishwa juani. Nataka kuliandika hilo nikiwa bado nina hasira, kwa sababu nikisubiri zipoe nitaanza kuwasamehe watu ambao hawajaniomba msamaha.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, niko kidato cha nne, nimefikia kwa Mzee Seif, fundi cherehani wa mtaa wa Kanyenye. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, mlemle alimoweka majora ya vitambaa na karatasi za vipimo, na hadi leo nikinusa pasi ya mkaa nauona ule mkeka wangu na dirisha lililozibwa nusu kwa gunia ili mwanga usinichome macho. Aliyeliweka gunia lile ni mkewe, Bi Zuhura, siku ya kwanza tu niliyoingia, bila kuulizwa. Kutoka kwetu Goweko nilikuwa naletewa matobolwa kwa treni, kiroba kizima cha viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na Bi Zuhura aliyapika tena kwa karanga za kusaga, tukayala asubuhi kwa chai ya tangawizi, Mkristo wa kijijini na Waislamu wa mjini katika sinia moja. "Chakula cha wapagazi," Mzee Seif alikuwa akinitania. "Ndicho walichobebea pembe mpaka pwani. Wewe kula, ubebe vitabu." Nilicheka, nikala. Nilikuwa na haraka ya kuwahi shule, kwa sababu Mwalimu Maziku alikuwa anasimama getini.

Mwalimu Maziku alikuwa mkuu wa shule yetu, na sisi wanafunzi tulimwita Paredi. Alipenda mstari kuliko alivyopenda somo lolote. Tulikuwa na mstari wa asubuhi, sawa na shule zote, lakini yeye alikuwa na mwingine wa saa nane mchana, kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani, na huo ndio ulionimaliza. Tulipanga mistari kwenye kiwanja kisicho na mti hata mmoja, yeye akasimama kwenye kivuli cha baraza la ofisi, akaanza matangazo. Alitangaza vyoo, alitangaza majembe, alitangaza mashati yaliyochomekwa vibaya. Mimi nilikuwa na kofia ya pama, pana, ya rangi ya udongo, niliyonunuliwa mnadani nilipoanza kidato cha kwanza. Mganga wa zahanati ya kwetu alikuwa amesema nisiivue nje ya nyumba hata kwa dakika moja. Paredi alisema bendera haitazamwi na mtu mwenye kofia. Nikawa naivua mbele ya bendera na kuivaa akianza matangazo. Siku moja ya kidato cha tatu aliniona naivaa, akashuka barazani, akaichukua kichwani kwangu kwa vidole viwili, akaenda kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi yake. "Utaichukua ukimaliza shule," alisema. "Sikio halizidi kichwa." Wenzangu walicheka. Nilimaliza mwaka mzima nikijikinga kwa daftari, na saa nane mchana daftari nalo halikuruhusiwa.

Kipele kilianza juu ya sikio la kulia, upande uliotazama jua nikiwa nimesimama kwenye nafasi yangu. Nilikipaka jivu, nikakipaka mafuta ya ng'ombe, kikawa kidonda, kidonda kikawa na ukingo mgumu unaotoa damu nikilalia. Kusema kweli sitamtwisha Paredi jua lote la utotoni mwangu. Nililima tumbaku kama watoto wote wa Goweko, na ngozi yangu inalikumbuka kila shamba. Lakini kofia iliyokuwepo aliiondoa yeye. Mwisho wa kidato cha tatu nikakosa siku tisa kwa ajili ya kidonda, na kwenye ripoti, kwenye ile mistari ya maoni ya mkuu wa shule, akaandika methali yake. Alimaanisha kwamba mimi ni mkaidi, sisikii maonyo ya mahudhurio. Nafikiri hata hakugundua kwamba alikuwa anaandika kuhusu sikio kwa mtu ambaye sikio lake lilikuwa linaoza. Aliipenda tu methali, nayo ilikuwa karibu na kalamu. Sijui kama kutokugundua ni afadhali au ni vibaya zaidi, na nimekuwa na muda mrefu wa kufikiri.

Desemba hiyo nilikatwa sikio. Hospitali ilikuwa ya misheni, upande wa Ugogo, na treni iliyonipeleka ilipita Goweko, ikapita Tura, ikafuata njia ileile ambayo babu zetu walipita na mizigo mabegani. Daktari mpasuaji alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, Dokta Rehema. Aliniambia wazi kwamba ni saratani ya ngozi, kwamba nimewahi kidogo, na kwamba ataondoa karibu sikio lote la nje ili asiache mzizi. "Kusikia utasikia," alisema. "Tundu silifungi." Wiki kadhaa baadaye yakarudi majibu kwamba kingo za alipokata ni safi. Watu wa kwetu walichinja kuku. Mimi nilifurahi pamoja nao mpaka nilipovaa miwani yangu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo hakuna aliyelielewa mwaka ule isipokuwa watu watatu. Macho ya watu kama mimi hayatulii na hayaoni mbali. Bila miwani, ubao wa darasani ni ukuta, na kitabu nakiona nikikigusisha pua. Miwani yangu ilikuwa ya vioo vizito, nayo miwani, msomaji, haikai machoni. Inakaa masikioni. Mkono wake wa kushoto ulishika, wa kulia ulikuwa hauna pa kushika, na nilipoinama tu kuandika, miwani yote ilitambaa upande na kuangukia daftarini. Nikiishikilia kwa mkono wa kushoto, karatasi inateleza. Nikiishikilia karatasi, sioni. Mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa na miezi kumi ya kutafuta mahali pa kutundika miwani, na kama ningekosa ningerudi Goweko, shambani, juani, nikamalizie sikio la pili.

Mzee Seif alinishonea ukanda wa lastiki wa kufunga miwani nyuma ya kichwa. Alishona kwa mapenzi, na ukanda ule ulipita juu ya kovu bichi ukalifungua. Dokta Rehema alipoliona siku ya kurudi kliniki aligomba kwelikweli. "Nani kafunga hii? Mnataka nianze upya?" Akaukata kwa mkasi, akautupa. Kisha akakaa, akanishika kidevu, akanigeuza kushoto, kulia, kushoto, namna Mzee Seif alivyokuwa akimgeuza mteja wa suti. "Nitakutengenezea sikio," akasema. "Nitachukua gegedu la ubavu wako, ule mfupa laini. Halitakuwa zuri, sitaki nikudanganye. Ila litashika miwani." Ingehitaji upasuaji mara mbili, Aprili na Septemba, na kila mara nilazwe wiki tatu. Akaandika barua kwa mkuu wa shule.

Kabla barua haijafika shule, ilijadiliwa nyumbani. Baba yangu mkubwa alikuja kutoka Goweko, akakaa ukumbini na Mzee Seif, nami nikiwa chumbani nyuma ya ukuta wa matofali ya udongo. Walikuwa wananong'ona kwa heshima yangu.

"Mtoto anasikia?" baba mkubwa aliuliza.

"Anasikia vizuri. Hata sasa huenda anatusikia."

"Sasa sikio la nini, Seif? Mtu anasikia, ametoka mikononi mwa kifo, halafu tumpeleke tena akapasuliwe ubavu kwa ajili ya sura? Si msichana huyu."

Nilimsubiri Mzee Seif aseme kuhusu miwani, lakini yeye mwenyewe alikuwa bado anaona haya kwa ule ukanda. Nililala kwenye mkeka nikauma ncha ya shuka. Waliosema hivyo walinipenda, na nawaandika hapa bila kuwaficha kwa sababu mapenzi yao yalikuwa na kosa lilelile la Paredi. Wote walidhani kazi ya sikio ni moja.

Paredi aliisoma barua mbele yangu. Alivaa miwani ya kusomea, akaipitia mpaka kwenye neno "kurekebisha umbo", akaigonga kwa kidole. "Umbo," akasema. "Ruhusa ya urembo sitoi. Mtahiniwa akikosa wiki tatu namtoa kwenye orodha ya mtihani, awe nani, awe nani." Nikaanza kueleza kuhusu ubao. Akanikatiza. "Unanisikia ninavyosema?"

"Nakusikia, mwalimu."

"Basi sikio unalo. Nenda darasani."

Nilitoka. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, niliiona pama yangu ikiwa na vumbi la mwaka mzima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mabega ya mtoto wa shamba, ningeweza kuinyakua, ningeweza hata kumpiga. Nilikwenda darasani. Nikakaa mbele ya ukuta wa ubao, nikasikiliza, kwa kuwa ndicho nilichoruhusiwa kufanya.

Bi Zuhura alinipikia wali na kisamvu mchana ule, saa ya chakula kabla ya mstari, na aliponiona sili akanitoa neno moja moja. Nilipofika kwenye "basi sikio unalo", alisukuma sinia pembeni, akajitanda mtandio wake wa kutokea, akasema tuondoke. Nilimwambia mkuu hapokei wageni saa za mstari. Alisema yeye si mgeni wake. Tulivuka mtaa, tukapita chini ya miembe mikuukuu ya barabara ya misafara, yeye mbele na mimi nyuma, na alipofika shuleni alipita kati ya mistari ya wanafunzi bila kuangalia kulia wala kushoto, mpaka barazani, mpaka ofisini. Paredi ilibidi aache matangazo, amfuate.

"Mwalimu, hujambo."

"Sijambo, mama. Ila sasa hivi..."

"Sitakaa. Nina swali moja tu, mimi sikusoma, unieleweshe. Miwani yako hiyo ya kusomea imetundikwa wapi?"

Paredi alishika miwani yake. Nakumbuka vizuri kabisa jinsi mkono wake ulivyopanda, ukagusa mkono wa miwani, ukaufuata taratibu hadi nyuma ya sikio, ukasimama hapohapo. Bi Zuhura akangoja. Aliwahi kuniambia kwamba mtu akishajijibu mwenyewe usimsaidie, utamharibia.

"Mtoto haombi sikio la kusikia," alisema hatimaye. "La kusikia analo, linasikia mpaka usiyotaka lisikie. Anaomba la kutundikia."

Paredi alikaa, akachukua kalamu, akaandika ruhusa. Hakusema pole, hakusema sikujua. Alitia saini kama mtu anayelipa faini, na mpaka leo siamini kwamba alielewa. Naamini alitaka tu yule mama aondoke ofisini kwake. Bi Zuhura aliikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga. Alipogeuka kutoka akaiona kofia. "Na hii inafanya nini hapa?" aliuliza. Akaitungua msumarini, akaikung'uta vumbi mlemle ofisini juu ya zulia, akanivisha. Tukapita tena kati ya mistari, shule nzima ikitazama, kofia yangu kichwani saa nane mchana. Sijawahi kutembea hivyo tena, hata siku ya harusi yangu.

Aprili nikarudi Ugogo. Dokta Rehema alichukua filamu ya eksirei iliyokwisha kazi, akaiweka juu ya sikio langu la kushoto, akachora kwa kalamu kila mkunjo, akaikata kwa mkasi. Kisha akaigeuza upande wa pili, likawa sikio la kulia. Nilicheka kwa nguvu mpaka muuguzi akaja, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo Mzee Seif alivyokuwa akipata mkono wa pili wa shati: kata mmoja, geuza karatasi. "Kesho nitachonga gegedu kwa kufuata hii," alisema, "nilizike chini ya ngozi. Litakaa miezi mitano lijishike. Septemba nitaliinua lisimame." Filamu ile ninayo hadi leo, kwenye kasha la vyeti. Kesho yake wakanipa nusu kaputi. Nilipozinduka, sikio halikuuma kabisa. Ubavu ndio ulionitoa machozi, kila nilipovuta pumzi, wiki nzima.

Kitanda cha pili alilazwa mzee wa Kigogo, Mzee Ndahani, aliyevunjika paja. Alikuwa mkorofi, anatukana uji, anatukana shuka, anamtukana hata kasisi kwa adabu. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa tangu ujana, na katika ndewe ya kushoto alichomeka kikopo chembamba cha ugoro ambacho wauguzi walikitoa kila asubuhi na yeye akakirudisha kila mchana. Aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nilimweleza, nikitegemea lile swali la watu wote. Hakuuliza. Alikitoa kikopo sikioni, akanusa, akapiga chafya, akakirudisha mahali pake.

"Wanyamwezi nyie," akasema, "babu zenu walipita kwetu na mizigo wakamaliza maji ya visima vyetu. Sasa umekuja kumaliza mbavu zako. Lakini umefanya la maana. Mwanamume asiye na sikio anaweka wapi vitu vyake?"

"Mzee, wewe sikio lako ni la ugoro tu?"

"La nini tena? Kusikia sijawahi kulitumia. Muulize mke wangu."

Nilicheka nikiushikilia ubavu, nikalia kwa maumivu, nikacheka tena. Huyo ndiye mtu wa tatu. Daktari, Bi Zuhura na Mgogo mmoja mtukanaji, basi, katika mwaka mzima. Mpaka leo nakasirika nikiwahesabu, kwa sababu nilikuwa nimezungukwa na watu wenye elimu, wenye dini na wenye upendo, na wengi wao walikuwa wamevaa miwani.

Miezi mitano niliishi na sikio lililolala, limebandikwa kichwani chini ya ngozi. Nilisoma kwa kukariri. Bi Zuhura, ambaye alisema hakusoma, alikuwa akisoma herufi za Kiarabu vizuri na za kirumi polepole. Alinisomea historia yote ya kidato cha tatu akikwama kwenye kila jina, huku anapepeta mchele. Septemba Dokta Rehema aliliinua, akatoa ngozi kwenye paja akaiweka nyuma yake, akafunga bandeji. Wiki mbili zilipopita akafungua, akachukua miwani yangu mezani, akanivisha yeye mwenyewe, mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia. "Inama," akasema. Nikainama. "Tikisa kichwa." Nikatikisa. Ilibaki palepale. Niliona nyuzi za pindo la koti lake jeupe, niliona ufa wa ukutani, niliona namba kwenye kitanda cha mbali. Nililia mbele ya wodi nzima. Sikio lenyewe lilikuwa jekundu na nene ukingoni, na halikufanana sana na lile la filamu, na mimi sijawahi kupenda kitu kama nilivyolipenda.

Niliporudi shule, Paredi aliniita mbele ya mstari. Nilipanda barazani nikiwa na pama yangu, na safari hii hakuigusa. Alinishika bega. "Mnamuona mwenzenu," alisema. "Shule hii imemsaidia. Shule hii haimtupi mtu. Pigeni makofi." Walipiga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga nao. Nilisimama pale kivulini mwake, nikitazama kile kiwanja kwa miwani yangu, nikiona kwa mara ya kwanza nyuso za wenzangu mpaka mstari wa mwisho, nikajipigia makofi kwa ajili ya wema wake. Nilifanya mtihani nikafaulu, nikawa mwalimu, nikapata mke, watoto na wajukuu wa kuwafundisha methali, na katika yote yaliyotokea mwaka ule, makofi yale ndiyo yanayoniudhi mpaka sasa.

Basi nikaenda Choma. Msiba ulikuwa mkubwa, mahema hayakutosha, na nilikuwa na pama kichwani, mpya, lakini pana kama ile. Msema chochote, mwongoza shughuli, alitangaza kwa kipaza sauti kwamba wanaume wenye kofia wazivue kwa heshima ya marehemu. Wakavua. Mimi sikuvua. Nilimpa mkono mjane, mama mzee aliyekauka, nikamwambia pole kwa moyo wangu wote, kwa kuwa yeye hakunikosea. Kisha Elias akanipa karatasi ya wasifu, nikaenda mbele.

Nilisoma kuzaliwa kwake, shule zake, vituo vyake vya kazi. Nilisoma vizuri, maana hiyo ni kazi yangu. Nilipogeuza ukurasa nikakuta wameandika: "Marehemu atakumbukwa kwa huruma yake. Alimlea mwanafunzi mwenye ulemavu wa ngozi, akahakikisha anapata matibabu ya sikio hadi akahitimu na kuwa mwalimu." Ilikuwa imepigwa chapa kwa herufi kubwa kidogo. Nikanyamaza. Watu wakadhani nimezidiwa na majonzi, mama mmoja akaanza kwikwi. Msema chochote akasogea, akaninong'oneza, "Mwalimu, endelea. Unanisikia?"

"Nakusikia," nikasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo hadi barabarani. "Sentensi hii inanihusu mimi, nami siisomi. Aliyeniombea ruhusa anaitwa Bi Zuhura wa Kanyenye. Ameshafariki. Hakuna aliyemwandikia wasifu." Nikavua miwani sikioni, nikaikunja, nikamrudishia Elias karatasi yake amalizie mwenyewe. Alimalizia. Aliisoma ile sentensi pia, na ilikuwa haki yake, ni baba yake. Hakuna aliyekuja kunisindikiza.

Jumatatu niliingia kidato cha pili, nikaandika ubaoni methali ninayoiruka. Yule mwenye kimbelembele akanyoosha mkono kabla sijamaliza. "Maana yake, mwalimu, mtu mkaidi hasikii mpaka apate madhara." Nikamwambia ndivyo kitabu kinavyosema, na kwenye mtihani ajibu hivyohivyo asije akakosa alama. Kisha nikaiweka miwani yangu vizuri, nikawaambia wasiandike hili litakalofuata, wasikilize tu: siku mtakapoona sikio limekufa, kabla hamjasema halikusikia dawa, ingieni kwanza ofisini, mtazame nyuma ya mlango.